Nyama ya Moshi Isiyo na Pilipili: Safari ya Ardennes



Kabla ya kuwapeleka katika nchi ya mbali, yanipasa kwanza kuungama kosa nililolifanya nyumbani kwangu, hapa Bukavu. Siku binti yangu alipopokea Komunyo ya kwanza, tuliwaalika jamaa na majirani, na mimi baba wa nyumba nilijitwalia kazi ya nyama. Mbuzi wawili walichinjwa Jumamosi mchana. Usiku umeme ulikatika, na friji tuliyoazimwa na jirani ikawa kama kabati tu. Jumapili alfajiri, nilipofunua sufuria, pua yangu iliniambia neno, lakini sikutaka kulisikia. Je, wageni wangeambiwa nini? Nikatwanga pilipili, nikaipaka nyama yote kwa wingi, nikaitandaza juu ya moshi hata ikawa nyekundu, yenye harufu ya kuvutia.

Wanaume waliokula walitoka jasho na kunisifu. Lakini binti yangu, mwenye sikukuu, alitia kipande kimoja kinywani, akalia machozi, akanywa maji, akamaliza sahani yake kwa bugali na sombe. Nyanya yake, ambaye ana kidonda cha tumbo, alirudisha nyama yake kimya kimya. Na usiku ule watoto watatu wa majirani, waliojikaza kula kama wakubwa, walitapika na kuharisha hata tukawapeleka kwenye kituo cha afya. Mungu ashukuriwe, walipona. Mimi nilijua sababu. Pilipili ilikuwa imenifichia uovu wa nyama, na adhabu ya kosa langu iliwaangukia wadogo.

Kosa hilo lilinifuata hata Ulaya, nilipokwenda kumwona mdogo wangu akaaye katika mji wa Namur. Huko ndiko nilikojifunza jambo ninalotaka kuwaambia leo.

Nchi ya milima na misitu

Namur ni mji wa Ubelgiji mahali mito miwili, Sambre na Meuse, inapokutana. Ukitoka hapo kwa gari moshi kwenda kusini, upande wa Luxembourg, utapita vituo vya Ciney na Jemelle, na polepole mashamba yatakwisha na misitu itaanza. Ndiyo nchi iitwayo Ardennes. Wabelgiji husema kwamba ni nchi ya milima. Sisi wa Bukavu, tukaao kiasi cha meta 1,500 juu ya bahari, twaweza kutabasamu, maana mahali pa juu kabisa katika Ubelgiji, Botrange, ni meta 694 tu. Walakini baridi yao si ya mchezo. Nilifika mwisho wa Oktoba, nami nilivaa makoti mawili.

Zamani watu wa Ardennes walikuwa maskini. Udongo wao si mnono, na majira ya baridi ni marefu. Kila nyumba ilifuga nguruwe, nao nguruwe walipelekwa msituni kula matunda ya mialoni yaliyoanguka chini. Baridi ilipoanza, nguruwe alichinjwa, na nyama yake ilipaswa kuwatosha watoto hata majira mengine. Hawakuwa na friji. Walikuwa na vitu vitatu: baridi, chumvi na moshi wa jiko lao. Karibu na mji wa Saint-Hubert, mahali paitwapo Fourneau Saint-Michel, nyumba za kale za wakulima zimekusanywa na kujengwa upya ili vijana wazione. Ukiinama chini ya dohani ya nyumba kama hizo na kuinua macho, waona jinsi walivyoishi: mapaja ya nguruwe yalitundikwa humo humo, juu ya moto uliopika chakula cha kila siku.

Ufundi huo ni wa kale sana. Strabo, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi wakati wa kuzaliwa kwake Bwana wetu, aliandika kwamba watu wa pande hizo walikuwa na nguruwe wengi hata nyama yao ya chumvi ilipelekwa Roma na sehemu nyingi za Italia.

Mtakatifu wa wawindaji

Tulishuka katika kituo cha Poix, tukafika Saint-Hubert. Mji ni mdogo, lakini kanisa lake ni kubwa ajabu, lenye minara miwili. Monasteri ilikuwapo hapo tangu karne ya 7, na mwaka 825 mwili wa Mtakatifu Huberto uliletwa kutoka Liège. Huberto alikuwa askofu, akafa mwaka 727, na Kanisa lamwita Mtume wa Ardennes. Masimulizi ya wazee yasema kwamba katika ujana wake alikuwa mwindaji asiyejua kuacha. Siku ya Ijumaa Kuu alimfuata ayala msituni, na yule mnyama akageuka na kumkabili, na msalaba ulikuwa uking'aa katikati ya pembe zake. Huberto akashuka katika farasi, akapiga magoti.

Kila tarehe 3 Novemba, sikukuu yake, wawindaji hupiga pembe kanisani wakati wa Misa, na mikate midogo hubarikiwa. Watu huichukua nyumbani wakala wote, wakubwa kwa wadogo, hata mbwa na farasi wakapewa kipande. Mdogo wangu aliponieleza desturi hiyo, nilikumbuka karamu yangu. Mkate ule hupikwa ili asiwepo wa kuukosa, lakini nyama yangu ilimshinda hata yule aliyefanyiwa sikukuu.

Kwa mchinjaji

Si mbali na kanisa tuliingia katika duka la mchinjaji mmoja, mzee mwenye mikono mikubwa. Juu ya kichwa chake yalining'inia mapaja ya nguruwe yenye rangi ya mbao za kale. Mdogo wangu alinunua vipande vyembamba kama karatasi. Nilivionja. Havikuwa na ukali hata kidogo. Nilisikia chumvi kwanza, kisha utamu wa nyama yenyewe, kisha harufu ya msitu. Mtoto mmoja wa miaka minne hivi, aliyesimama na mama yake, alipewa kipande akakila akicheka.

Nilimwuliza mzee kwa nini hatii pilipili. Alinitazama kwa muda, akajibu, “Bwana, nyama yangu hukaa miezi mingi. Kama ni mbaya, nataka nijue mimi kwanza, kabla ya mteja.” Kisha alinichukua nyuma ya duka.

Paja bichi lilikuwa mezani. Kabla ya kuligusa kwa chumvi, alilinusa karibu na mfupa, mahali nyama inapoanza kuharibika, akalibonyeza kwa kidole. Ndipo akaleta bakuli la viungo vikavu vya kusugulia. Havikuwa vingi. Kilichozidi ni chumvi ya punje kubwa. Ndani yake mlikuwa na majani makavu ya thym, mbegu za giligilani zilizopondwa, na matunda madogo meusi ya mti wa miiba ambao kwa Kifaransa huitwa genévrier. Mti huo ni wa jamaa moja na ule ambao Wakenya huuita mtarakwa, na tunda lake lina harufu ya mti mbichi uliopasuliwa. Alichukua viungo kwa kiganja, akasugua paja lote kwa nguvu, hasa kuzunguka mfupa, kama mama anavyomsugua mtoto mwenye matope. Kisha akaliweka katika chumba cha baridi, digrii 4 hivi.

“Na sasa?” nikauliza. “Sasa twangoja,” akajibu. Paja litakaa katika chumvi majuma mawili au matatu. Litaoshwa, litapumzika, kisha litatundikwa katika moshi baridi wa mwaloni na wa mti uitwao hêtre, na baada ya hapo litakauka polepole kwa miezi. Jina la nyama hiyo, Jambon d'Ardenne, limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 1996, hata asiyeitengeneza katika nchi ile hana ruhusa ya kulitumia.

Chumvi huingia ndani, viungo hubaki mlangoni

Nanyi vijana wa shule mtauliza: viungo hivi hufanya kazi gani? Chumvi huvuta maji kutoka katika nyama. Maji hayo huyeyusha chumvi, na polepole chumvi hurudi ndani pamoja nayo. Vijidudu viozeshavyo nyama huhitaji maji ili kuishi, na chumvi huwanyima. Moshi nao huacha juu ya nyama ukali wake, ambao huzuia vijidudu na kuchelewesha mafuta kuharibika. Sukari, kama imetiwa, hupunguza ukali wa chumvi na kuleta rangi nzuri.

Lakini thym, giligilani na vitunguu saumu haviendi mbali. Hubaki juu, karibu na ngozi ya nyama, wala haviponyi kilichooza ndani. Pilipili ni vivyo hivyo. Huunguza ulimi, nao ulimi uliounguzwa haujui tena kupambanua nyama nzuri na mbaya. Wazee wetu walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyama yangu ya Komunyo ilijitembeza.

Sitaki kuisingizia pilipili mabaya yote. Zamani watu wengi walidhani kwamba ndiyo iletayo vidonda vya tumbo. Waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi huletwa na kijidudu kimoja kinachokaa tumboni, nao wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Dawa za kutuliza maumivu, zikitumiwa ovyo, huleta vingine. Kwa hiyo mwenye kidonda na aende kwa mganga, asitosheke na kuacha pilipili. Hata hivyo wagonjwa wengi huongezewa maumivu nayo, na watoto wadogo huteswa bure. Yafaa tuwahurumie.

Onyo la Ellezelles

Mzee yule alinieleza pia habari ambayo Wabelgiji hawaisahau. Mwezi wa Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles, mbali na Ardennes, wapiga muziki walikusanyika baada ya mazishi wakala paja la nguruwe lililotiwa chumvi lakini halikupikwa. Wengi waliugua vibaya sana. Macho yao yaliona viwili viwili, koo lao likashindwa kumeza, na watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem wa Gent aliichunguza nyama ile, akagundua ndani yake kijidudu kiletacho ugonjwa uitwao botulisme. Sumu yake haina budi kuogopwa, maana nyama yaweza kuwa nayo bila kunuka sana.

Nawaambia haya kwa sababu moja. Msomaji mmoja akipendezwa na maneno yangu, asije akatundika paja bichi la nguruwe jikoni kwake hapa Kongo na kungoja miezi sita! Watu wa Ardennes wana baridi, vipimo na wakaguzi. Sisi hatuna baridi ile. Tena nguruwe wetu wengi hutembea huku na huku, nao waweza kuwa na tegu. Katika nyama mbichi mabuu yake huonekana kama punje nyeupe za mchele. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, mnyoo hukua tumboni mwake, na mayai yake yakifika katika chakula au maji, kwa mikono michafu au choo kibaya, huweza kuingia hata katika ubongo wa jamaa zake na kuwaletea kifafa. Nyama yenye punje hizo isiliwe kabisa. Na nyama yetu, hata ikitiwa moshi, lazima iive.

Namna ya kufanya kwetu

Basi, tutwae kwa watu wa Ardennes viungo vyao vya upole na uaminifu wao, lakini moto uwe wetu. Hii ndiyo njia niliyoijaribu mara nyingi kwa kilo 5 za nyama ya mbuzi, ya ng'ombe au ya nguruwe.

Twaa chumvi gramu 75, yaani vijiko 4 vya chakula vilivyosawazishwa. Sukari vijiko 2. Mbegu za giligilani vijiko 3, zilizokaangwa kidogo bila mafuta na kutwangwa. Majani makavu ya thym vijiko 2. Majani 3 makavu ya laurier yaliyosagwa. Na robo ya kungumanga iliyokwaruzwa. Mwisho ponda punje 6 za kitunguu saumu. Tunda la genévrier si rahisi kulipata kwetu, nami sikuona hasara kuliacha. Changanya vikavu kwanza katika kinu, kisha kitunguu saumu.

Nusa nyama karibu na mfupa. Ikiwa ina harufu mbaya au inateleza, itupe, hata kama wageni wako mlangoni. Ikiwa njema, ikaushe kwa kitambaa safi, uisugue pande zote, usisahau mikunjo na kando ya mfupa. Mwenye friji inayofanya kazi aiweke humo usiku mmoja. Asiye nayo achinje siku ile ile, aisugue, aiache kivulini kwa muda wa saa moja tu, iliyofunikwa ili nzi wasiiguse, kisha aende motoni.

Kwa moto, pipa la chuma lililopasuliwa lafaa, mradi halikuwekewa dawa wala sumu. Makaa yakae upande mmoja na nyama upande mwingine, maana sukari ikikaa juu ya mwali huungua na kuwa chungu. Juu ya makaa weka vipande vya mti mkavu wa mpera, mwembe, mwavoka, au mibuni mizee iliyokatwa shambani. Usitumie msonobari wala mikalitusi, ambayo mafuta yake huharibu ladha, wala mbao zilizopakwa rangi, ambazo ni sumu. Funika. Moshi mzuri ni mwepesi. Ukiwa mzito na mweusi, ongeza hewa.

Miguu ya mbuzi yahitaji saa tatu hata nne. Choma kisu mahali palipo panene kabisa, karibu na mfupa. Maji yatokayo yasiwe mekundu, na nyama iachane na mfupa kwa urahisi. Mwenye kipimajoto aone digrii 75 ndani. Nyama hii haikuwekewa chumvi ya kutosha kuihifadhi. Iliwe siku ile, au iingie katika friji na kumalizwa siku mbili zifuatazo.

Neno moja kuhusu afya. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kipande cha gramu 150 cha nyama hii kina zaidi ya gramu 2. Kwa hiyo siku hiyo sombe na mchuzi vipikwe kwa chumvi kidogo sana. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe nyama hii. Mwaka 2015 wataalamu wa shirika hilo walionya pia kwamba nyama za chumvi na moshi, zikiliwa kila siku, huongeza hatari ya saratani ya utumbo. Basi iwe nyama ya sikukuu, wala si ya kila juma.

Meza moja

Mwaka uliofuata kijana wangu alipokea Kipaimara. Nilichinja asubuhi ile ile, ingawa mbuzi alikuwa mmoja tu, maana fedha zilikuwa chache. Nilisugua nyama kwa viungo hivi mbele ya macho ya jirani zangu, na wengine walinicheka: “Baba, umesahau pilipili!” Sikuwa nimeisahau. Niliitwanga, nikaiweka katika kibakuli chake katikati ya meza, na kila aliyeitaka alijitwalia mwenyewe.

Wale watoto watatu wa majirani walikuwapo. Mama yao mmoja, ambaye sikuwahi kumwambia ukweli, aliuliza nyama ilitoka wapi na ilichinjwa lini. Nilimjibu, na baada ya karamu nikamwomba radhi kwa habari ya mwaka uliopita, nikamweleza yote. Alinyamaza, kisha akasema, “Nilijua. Nilikuwa nikingoja uniambie.” Maneno hayo yalinichoma kuliko pilipili yoyote, lakini tangu siku ile twasalimiana kwa moyo mweupe.

Na nyanya alikula. Alimaliza kipande chake polepole, akapangusa vidole, akamwita mjukuu wake aliyepokea Kipaimara akamwambia amletee kingine.

Wapenzi akina baba na akina mama, mkipika kwa ajili ya wageni, mkumbukeni kwanza yule asiye na nguvu ya kula mliyoyapika. Mwenyezi Mungu azibariki meza zenu.